Sharti la Kujiunga na Mawasiliano

Aliyetaka kusoma shahada ya mawasiliano alipaswa kwanza kumfanya mtu wa nyumbani kwao avunje kiapo chake, bila mtu huyo kujua kwamba ni mtihani. Alama nzuri za kidato cha sita hazikutosha. Chuo kilimvisha mwombaji bangili iliyosikiliza kila neno.

Kemilembe alimchagua mama yake. Mama alikuwa ameapa kwamba kaka yake, ambaye hakuja kumzika baba yake Kemilembe, hatakanyaga kwake tena. Siku moja, wakimenya ndizi, Kemilembe alimshika mkono, akamlilia, akamwambia baba angependa wapatane. Mama naye akalia. Jumapili akamwita kaka yake, akampikia.

Wakiwa mezani, bangili ikawaka kijani. "Hongera, Kemilembe! Umepokelewa. Ushawishi, daraja la kwanza."

Mjomba aliangua kicheko. "Kumbe mimi ndio mtihani wenyewe, mpwa wangu! Ningejua, nisingehangaika kuwaletea jogoo."

Mama hakucheka. Alimwongezea kaka yake mchuzi, maana mgeni hafukuzwi akiwa na tonge mkononi.

Baadaye, wakiosha vyombo, Kemilembe aliivua bangili akaitupa chumbani.

"Mama, yale niliyokwambia yalitoka moyoni. Nakupenda."

Mama alisuuza sahani, akaiweka kando, akamtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama binti wa jirani.

"Umesema vizuri, mwanangu," alisema. "Na hiyo ni ya somo gani?"