Kadi ya Manjano

"Fumbua jicho, bibie. Usinipepesee kama mwari anayeposwa."

Mama Sindano akafumbua. Mumewe alimsogelea pale dirishani hadi pua zikakaribia kugongana, akaweka kadi ya rangi kando ya jicho lake la kushoto, akapitisha kidole gumba ukingoni, kisanduku baada ya kisanduku.

"Nambari tatu. Siagi."

"Na jana?"

"Jana nne. Ndizi mbivu."

Siku katika nyumba ile ilianza hivyo: kidonge kabla hata ya chai, kisha kadi. Kadi yenyewe ilitoka duka la vifaa vya ujenzi, ambako mume alichanganya rangi kwa miaka thelathini. Ilikuwa na visanduku saba vya manjano, kuanzia saba, kiini cha yai, kushuka hadi moja, maziwa. Mafundi walimwita Bwana Rangi. Ulimletea kibanzi cha ukuta ulichobandua kwa ukucha, akakuchanganyia ndoo nzima, na ukishapaka wewe mwenyewe hukujua kiraka kiko wapi.

Sasa hii ilikuwa wiki yake ya sita nyumbani. "Nimechukua likizo nikuuguze," alisema, na mkewe hakubisha. Nani anakataa kupikiwa?

Ndani ya ini la Mama Sindano njia za nyongo zilikuwa zikiziba moja moja. Ni ugonjwa wa kuishi nao, daktari alisema, kama mkwe. Vidonge havitaufukuza, vitauzuia mlangoni tu, navyo mpaka vishike. Visiposhika kuna njia nyingine, na hiyo daktari aliitaja kwa sauti ya chini huku akipanga makaratasi yaliyokwisha kupangwa. "Tupeni miezi mitatu, ndipo tupime damu."

Muuguzi naye alimvuta mume pembeni, kwenye korido. "Mzee, asipewe mawazo. La kumshtua liweke kando mpaka dawa ishike."

Miezi mitatu! Kwa mwanamke ambaye hajawahi kungoja hata uji upoe. Alishona mishono miwili, akainuka. Akajikuna mgongo kwa rula ya kupimia nguo, maana mwasho ulimtembea kama siafu. Akafungua mlango, akaufunga, akarudi kwenye cherehani, akasahau alikuwa anashona mkono au kola. Kioo cha wateja alikipeleka kwa dada yake, kwa sababu alikuwa akijitazama macho mara arobaini kwa siku. Tangu hapo wateja walijaribu nguo na kuuliza, "Nimependeza?" naye akajibu, "Mno," bila kuinua kichwa. Kuuliza majirani kuhusu macho yake hakutaka. Kumuuliza jirani ni kutangaza redioni.

Akabaki na kadi ya mumewe. Kwa kadi hiyo alilala, kwa kadi hiyo aliamka.

Uuguzi wenyewe ulikuwa wa vichekesho. Chai ilimiminwa hadi sahani ikaogelea. Siku moja alimtuma mumewe vifungo vya buluu vya sare ya shule, akarudi na vya kahawia.

"Hivi vinapendeza zaidi," akasema.

"Baba watoto, shule nzima buluu, mtoto wa watu peke yake kahawia?"

"Mama yake hatapata shida ya kumtafuta."

Mama Sindano akacheka hadi mbavu zikamuuma, kisha akashona vifungo vile vile. Mgonjwa huchoka hata kugombana.

Asubuhi ya majibu, kadi ilisema moja. Maziwa matupu. Mume alisema goti linamsumbua, hivyo Mama Sindano akaitia kadi mkobani, akaenda hospitali peke yake, anatembea kama bibi harusi.

Daktari alisoma karatasi mara mbili. "Dawa imeshika, mama. Vipimo vimeshuka karibu nusu. Endelea hivyo hivyo."

"Mimi nilikwisha jua! Mume wangu ameyaona macho. Meupe pe!"

Daktari akacheka. "Meupe? Bado yana manjano, tena mengi. Usiogope, hayo huchelewa kuondoka."

Alipotoka nje, Mama Sindano aliinamia kioo cha gari lililoegeshwa. Kiini cha yai kikamtazama. Sita hiyo, kama si saba.

Furaha ikamchachia mdomoni. Kumbe wiki zote hizi alikuwa anabembelezwa kama mtoto mbele ya kijiko cha dawa! "Amenikata maini," alinung'unika njia nzima, "na mwenyewe anajua sina ya akiba." Akayapanga maneno tangu barabarani, makali kama wembe wa kufumulia nguo. Njia ya mwongo ni fupi, na leo ingeishia sebuleni kwake.

Mumewe alisimama aliposikia nyayo. "Wamesemaje?"

"Nipime kwanza."

"Si nimekupima asubuhi?"

"Nipime tena! Hapa dirishani, mchana mweupe." Akatumbukiza mkono mkobani, akamsukumia kadi kifuani.

Mume akaipokea. Akasogea hadi pua zikakaribia kugongana, akaiweka kando ya jicho, akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu.

"Moja," akasema. "Maziwa. Sijui ulikuwa na wasiwasi wa nini."

Mama Sindano akafungua kinywa aachie wembe wake wote. Ndipo akaiona ile kadi. Kwa hasira alikuwa amechomoa kadi ya kliniki: buluu tupu, na muhuri wa leo katikati.

Akaichukua kadi vidoleni mwa mumewe, akaishika mikono yake yote miwili.

"Dawa imeshika, baba watoto," akasema polepole. "Sasa niambie. Leo nimevaa gauni la rangi gani?"

"Lile ninalolipenda," mumewe akajibu upesi.