Vilema wa Tangi la Kwanza

Meneja alichota maji ya tangi la kwanza kwa kikombe cheupe, akatazama ndani, akasonya. Vifaranga wa samaki, wadogo kama ukucha, walikuwa wamelala ubavu. Kila mmoja jicho lake moja lilikuwa limehamia upande wa jingine.

"Mwezi uliopita walikuwa wazima hawa. Umewafanya nini?"

"Ndivyo wanavyokua, bosi," alijibu Mama Ndoo, ambaye alikuwa amewalea samaki hapo miaka kumi na mmoja. "Na hao wanaolala ndio wanaokula vizuri. Ungesubiri kido..."

"Nimefuga kuku miaka tisa, mama. Kilema nikikiona nakijua."

Mayai ya matangi yote mawili yaliletwa kwa mifuko kutoka mbali. Wazazi wa samaki hao meneja hakuwahi kuwaona wala kuwaulizia. Aulize ili iweje? Kazi alipewa na shemeji yake, mwenye shamba, kwa miezi mitatu ya majaribio, na mchana huo mnunuzi mkubwa angekuja. Mnunuzi akiridhika, kazi ni yake moja kwa moja.

Mama Ndoo na ushamba wake! Taa anazipunguza, maji anayapima kila saa, anawalisha vidudu hai kidogo kidogo kama anayenywesha mtoto dawa. Matokeo ndiyo hayo.

Tangi la pili alilisimamia meneja mwenyewe. Aliwasha taa kali usiku na mchana, akapasha maji moto na kumwaga unga wa chakula bila kubania, kama kwenye banda la vifaranga wa kuku. Wengi walikufa, sawa. Lakini waliobaki waliogelea wima, jicho huku na jicho kule. Aliwatazama akajisikia baba.

"Kazi huna," alimwambia Mama Ndoo. "Na vilema wako uondoke nao, mgeni asije akawaona."

Mama Ndoo alijaza ndoo nne taratibu, akazifunika kwa kitambaa kibichi, akatoka.

Mnunuzi alipofika, meneja alimpeleka tangi la pili kifua mbele. Mgeni aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua boksi lake la barafu na kutoa samaki mkubwa, bapa kama sahani, macho yote mawili upande mmoja.

"Mimi nanunua wa hivi," alisema. "Bahati nzuri nimeshapata ndoo nne, kwa yule mama pale getini. Hawa vilema wako utawafanyia nini?"