Mate ya Askari Koleo

Bisha ukitaka, lakini kuna mchwa aliyeokoa kichuguu kizima kwa mate ya askari mmoja.

Siafu walivamia kupitia njia ya tope, ile yenye paa ambamo matarishi hukimbiza habari. Askari Koleo akawatimua. Harufu yao ikabaki ukutani, na Koleo, taya kubwa akili ndogo, akaanza kuung'ata ukuta wenyewe.

"Koleo, hiyo ni nyumba yetu!" akapiga kelele Kidongo, fundi wa kuta.

"Inanuka siafu. Kaa kando, dada, wanaume tunapigana."

Paa likadondoka, likaingia jua, ambalo humkausha mchwa akiwa hai. Wakati huohuo mfereji wa shambani ukapasuka. Maji yalikuwa yanakuja, watoto wamelala vyumba vya chini, na tarishi wa kuwaonya walezi hakuwa na pa kupita.

Kidongo alitamani kumfunga taya. Lakini siafu wakirudi je? Akameza hasira.

"Shujaa, wakinusa mate yako si watakimbia wenyewe? Hebu tema kwenye tope langu."

Koleo akatema kwa madaha. Kidongo akakanda, akaziba paa mbiombio. Koleo akaurudia ukuta taya wazi, akanusa, akasita.

"Mbona ni mimi huyu!"

"Basi jing'ate."

Akafunga taya. Tarishi akapita, watoto wakahamishwa wakiwa wakavu.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Tarishi mwingine alikuwa njiani paa lilipodondoka, na jua likamkausha miguu. Kidongo alilijenga paa upya juu yake, lakini miguu haikuamka. Mpaka leo Koleo ndiye anayembeba.