Anayeanguka Ngazini

Ngumi ilitua ukumbi mzima wa sinema ukiwa unacheka, kwa hiyo walioisikia walikuwa wachache. Wengi waliona matokeo yake tu: kijana wa mstari wa mbele akipepesuka kitini, bisi zikiruka kila upande, na damu ikimtoka puani kuchafua shati jeupe alilonunuliwa kwa ajili ya sikukuu.

Mlinzi alikuwa mlangoni. Ujanani alipigana ulingoni, na jicho lake halikumdanganya. Ngumi ile haikuwa ya kubahatisha. Ilitoka begani, fupi, ikaenda ilikotumwa. Lakini aliyeirusha alikuwa mzee wa mvi, kavaa suti, kaketi kando ya mkewe.

"Cheka tena!" mzee alinguruma. "Cheka tena nikung'oe na meno!"

Kwenye pazia, filamu iliendelea bila habari. Ilikuwa ileile iliyojaza ukumbi tangu likizo ianze: baba mkali anawaharibia wanawe sikukuu, anateleza juu ya ngazi, anaporomoka hadi chini na kukata roho. Kisha anaamka kitandani, asubuhi ileile, sikukuu ileile, wala hatatoka ndani ya siku hiyo mpaka ajue kukaa na watoto wake. Kila alipoanguka, watoto walipiga miguu sakafuni kwa kicheko. Na alipoanza kubadilika, wanaume wazima walipenga kamasi gizani wakisingizia mafua.

Mlinzi alimkumbatia mzee kwa nyuma amtoe. Alipokea kiwiko cha mbavu kilichomkata pumzi. Mama, yule mkewe, alikuwa ameshamvua mumewe miwani na kusogea pembeni, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Hakupiga kelele. Alifuata nyuma yao polepole, mkoba kwapani, kama mtu anayefuata jeneza.

Huko nje, mbele ya dirisha la tiketi, maji yalizidi unga. Kaka wa yule kijana alitoka mbio na chupa ya soda.

"Nani kampiga mdogo wangu?"

Hakungoja jibu. Aliipasua chupa kwenye ukingo wa dirisha na kumwendea mzee. Mlinzi alijitupa katikati, na kioo kikamchana mkono tangu kiwiko hadi karibu na kiganja. Alikishika kifundo cha mkono wa kaka mtu, akakipinda mpaka chupa ikaanguka, akambamiza ukutani kwa nguvu hata picha kubwa ya filamu ikachomoka na kuwafunika wote wawili. Walipojinasua, mzee alikuwa ameshafika. Alimpiga kaka mtu teke la tumbo, akampiga la pili, akanyanyua mguu kwa la tatu.

"Mzee, basi!" mlinzi alimkemea. "Utaua mtoto wa watu!"

Mguu ulibaki hewani, kisha ukashuka.

"Mnadhani mnamcheka mwigizaji?" mzee alisema. "Mwigizaji yule mwoga, hata kiti hapandi! Anayeanguka pale ni mwanangu. Wanamvalisha nguo za yule baba, wanampiga picha mgongoni, anaporomoka yeye. Kitinda mimba wangu. Tangu aondoke nyumbani sijamtia machoni. Nimesikia yumo humu, nikaja angalau nimwone kisogo. Nafika, nakuta mijitu inamkenulia meno!"

Akaketi sakafuni, suti na yote, akalia. Kilikuwa kilio cha kwikwi, cha mtu asiyezoea kulia.

Hakuna aliyejua aweke wapi uso. Kaka mtu, bado kajishika tumbo, alikuwa wa kwanza kusema. "Hatukujua, mzee wangu. Haki ya Mungu hatukujua."

Mdogo wake alipiga magoti, leso imeloa damu. "Nisamehe, baba. Mimi wa kwangu hata shuleni hakuwahi kuja kunitetea."

Dada wa tiketi alikuwa analia waziwazi nyuma ya kioo. "Filamu yenyewe ndiyo hii," alisema. "Ile ya ndani ni ya kuigiza."

"Niite polisi?" mtu aliuliza.

"Polisi wa nini?" alisema mlinzi. Alikuwa anajifunga mkono kwa kitambaa. Baba yake mwenyewe hakuwahi kukanyaga ukumbini kumwona akipigana, si akishinda, si akipasuliwa nyusi. "Uchungu wa mwana. Mwacheni amalizie kumwona."

Vijana wale wawili, kaka na mdogo wake, walimwinua mzee, mmoja kila upande, wakamrudisha ndani. Habari ilikuwa imewatangulia. Watu walimpisha katikati, na mtu akamshikisha bisi. Anguko lililofuata lilipokuja, hakucheka mtu. Walipiga makofi.

Mama hakuingia. Alisimama kwenye upenyo wa mlango, miwani ya mumewe mkononi, akitazama. Mlinzi alikuja kusimama naye. Yule mtu wa kwenye pazia alibingirika ngazi baada ya ngazi, akajikunja, akajikunjua, akafika chini mzima kama mpira.

"Hongera, mama," mlinzi alinong'ona. "Mimi nimeanguka sana ulingoni, nakijua kitu hiki. Huyu ni fundi. Kasomea wapi kuanguka hivi?"

"Hakusomea," alisema mama, jicho haliondoki kwenye pazia. "Kwetu kuna ngazi. Baba yake alikuwa akimtupa toka juu, na mimi nasimama chini namwambia: ficha kichwa, mwanangu, ficha kichwa."