Dakika ya Mwisho

Dereva wetu wa gari la zimamoto alikuwa ameshika rimoti, lakini hakuibonyeza.

Kwenye runinga ya kituoni, shujaa alikuwa angani, joho linapepea, akiliendea jengo linalowaka. Filamu hiyo tumebishana juu yake mpaka makoo yakatukauka. Dereva huitetea kwa kufa na kupona, mimi huiponda.

"Kila mara anafika dakika ya mwisho," humwambia. "Yeye hakuti foleni? Maji hayamwishii?"

"Kaka, wivu tu huo," hunijibu, na kikosi kizima huangua kicheko.

Leo hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumetoka kwenye moto wa ghorofa, na tulifika paa limeshaanguka. Dereva hata glavu hajavua. Kwenye kiganja cha glavu moja kilikuwa kimeganda kipande cha kandambili ya rangi ya waridi, ndogo, iliyoyeyuka.

"Ulisema kweli, kaka," alisema. "Uongo mtupu. Ngoja nizime."

Kwenye runinga, mtoto alikuwa dirishani, anaita.

Nilimpokonya rimoti, nikaongeza sauti.

"Usizime," nikamwambia. "Mwache huyu afike."