Hodi ya Saa Kumi

Kwa miezi miwili, kila saa kumi alasiri, Raya alimsikia marehemu baba yake akipiga hodi. Aliitikia, akaenda kufungua, akakuta uchochoro mtupu. Daktari aliwaeleza, yeye na mama yake, kwamba sehemu ya ubongo inayosikia ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, hata pasipo na sauti, na kwamba walifanya vyema kuja mapema.

Sasa ilikuwa wiki ya nne ya vidonge. Raya alikuwa akipepeta mchele. Saa kumi ikapita, naye hakuinua kichwa.

Mama yake, Bi Shuweha, alimtazama. Kisha akauliza kama mtu anayeona haya, "Leo hajaja?"

"Nani, mama?"

Bi Shuweha akatazama pembeni. "Alikuwa akipiga hodi ngapi?"

"Tatu. Ya mwisho kwa sauti ya chini."

"Ndivyo hasa alivyokuwa."

Akampa binti yake kidonge na maji, akangoja mpaka Raya akakimeza. Halafu akaenda mlangoni, akaondoa komeo, akaegemeza sikio kwenye ubao, midomo ikiwa tayari kusema karibu.