Namba ya Kigingi

"Rejista bado inatafutwa, mama. Njoo wiki ijayo."

Kapigwa kalenda tena! Mama alishika kingo za dirisha la masjala ya halmashauri, asitoke. Ombi lake la maandishi lilishagongwa muhuri siku nyingi. Ukutani, juu ya kichwa cha karani, bango lilisema taarifa za umma ni haki ya kila mwananchi. Haki gani hiyo ya kuzungushwa tangu kiangazi mpaka mvua zimekuja zikaisha?

Na alichotaka wala hakikuwa kikubwa. Mwanawe wa pekee aligongwa na lori akiwa hana kitambulisho. Hospitali ikakosa ndugu, halmashauri ikamzika. Katika makaburi ya halmashauri hakuna majina, ni vigingi vyenye namba tu, na namba ya mwanawe iliandikwa kwenye rejista anayoitunza karani huyu.

"Sitaki kumshtaki mtu, baba," alisema. "Nataka pa kulilia tu. Nikilia nyumbani, majirani wananiambia nyamaza, inatosha. Inatosha vipi, na mtoto simwoni alipolala?"

Karani aliinamisha kichwa. Mtu mzima, mvi zimejaa, wala haoni haya!

"Mkono mtupu haulambwi, mama," jamaa mmoja wa kwenye foleni alimnong'oneza.

Mama akafungua fundo la kitambaa chake, akasogeza noti dirishani. Karani akazirudisha upesi.

"Weka hela zako, mama yangu. Tafadhali."

Akaingia chumba cha nyuma. Mlango ulipofunguka, harufu ya karatasi zilizooza ikajaa pale nje. Alikaa huko mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Aliporudi alikuwa mikono mitupu, macho mekundu.

"Vumbi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kisha akachukua kipande cha karatasi, akaandika namba bila kufungua kitabu chochote.

"Iko upande wa ukutani, karibu na bomba. Asubuhi pana kivuli."

"Ndiye yeye kweli, baba?"

Karani aliikunja ile karatasi, akamwekea kiganjani. "Kijana wa kiume, mama. Kaa naye utakavyo."

"Kila Jumapili nitakuwa pale, mpaka na mimi nizikwe."

"Kila Jumapili," karani aliitikia. "Sawa, mama."

Jumapili mama alikiona kigingi. Pamepaliliwa, udongo umesawazishwa vizuri. Akaishukuru halmashauri, yeye aliyekuwa akiilaani kutwa. Kisha akaketi chini akalia, akalia kweli, uchungu wa miezi yote ukamtoka, wala hakutokea wa kumwambia nyamaza. Akamweleza mwanawe habari zote za nyumbani.

Asubuhi hiyohiyo, nyumbani kwa karani, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, jembe mkononi.

"Baba watoto, mbona hujavaa viatu? Jua linapanda."

"Leo hatuendi."

"Hatuendi? Tangu tumzike mtoto, umewahi kukosa Jumapili hata moja?"

Karani akalichukua jembe, akaliegemeza ukutani, akamshika mkewe mkono.

"Rejista yote imeozea kwenye maji, mke wangu, hakuna ukurasa unaosomeka. Tutakwenda Jumamosi. Jumapili yule ni mtoto wa mama mwingine."